Mteremko wa Kuzima Injini

Somoe mwanangu,

Nakusikia hapo uani. Unabishana na mjomba wako Saidi juu ya plagi ya pikipiki yake. Yeye anasema nzima, wewe unasema imekufa, na mimi najua nani atashinda kwa sababu mjomba wako ameanza kucheka, na Saidi akianza kucheka ujue ameshashindwa. Jua bado lipo. Nimekaa mlangoni na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako la zamani, na nimewaambia nachambua mchele, asinisumbue mtu. Mchele wenyewe upo kwenye ungo hapa pembeni, haujaguswa. Kwa hiyo leo mkitafuna mawe mjue sababu.

Barua tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kuuliza hali. Sasa nikuulize hali ya nini, na ninakusikia unavyompigia mjomba wako kelele? Na ya sabuni, ndala, shuka na usile chakula kilicholala, bibi yako anayasema tangu juzi na kesho atayasema tena hadi gari linaondoka. Mimi nakuachia bibi hayo. Mimi nina habari moja tu. Vipande vyake unavyo, lakini vingine ulikuwa mdogo mno kuvishika, na vingine hatukukwambia. Nataka uende nayo nzima.

Kesho unakwenda Nachingwea kujifunza ufundi wa injini. Nimeiona ile karakana siku tuliyopeleka vyeti. Injini huku, injini kule, zote zinanguruma kwa pamoja, mtu anaongea na mwenzake kwa kumsemea sikioni. Uliniangalia ukacheka, nami nikacheka. Lakini mwanangu, najua jambo linaloweza kukupata humo siku za mwanzo, na likikupata usije ukafunga begi ukarudi. Hilo ndilo linaloniandikisha.

Ngoja nianzie kwenye nyuki.

Ulikuwa hujaanza darasa la kwanza. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, wakati wa baridi, watu wanaamka umande ungali kwenye majani ili salfa ishike. Mjomba wako alikuwa na mashine yake ya kubeba mgongoni, anapuliza shamba moja baada ya jingine. Wewe ulikuwa huambiliki. Ulipenda lile vumbi la njano linavyopanda juu ya miti, ukisema mjomba anapika mawingu. Nikakufunga kitambaa puani, nikakuacha ukae mbali naye kidogo, mimi nikateremka kuchota maji.

Kulikuwa na mkorosho mmoja mkubwa mpakani, shina lake lina pango, na ndani ya pango kuna nyuki. Hakuna aliyejua. Mashine ilipovuma pale, nyuki wakatoka kama wameitwa. Mimi huko kisimani nikasikia mashine inanguruma mahali pamoja, haisogei, na juu ya mngurumo huo nikasikia sauti yako. Ndoo sikumbuki niliiacha wapi. Saidi alikuwa ameitupa mashine chini bila kuizima, akakuvika shati lake, akakubeba anakimbia kifua wazi. Tulikutana njiani. Nikakufunika kwa kanga zangu zote mbili, na nakwambia leo kwa kuwa umekuwa mkubwa: mama yako aliingia kijijini na gauni la ndani, akina baba wote barazani wakageukia ukutani kwa adabu kama wanaoswali.

Ulitibiwa, uvimbe ukaisha. Mjomba wako ndiye aliyevimba zaidi, macho yakafunga kabisa, bibi akawa anamlisha uji kwa kijiko. Na hata katika hali ile alikuwa anauliza, "Mama, huu uji mmetia sukari kweli?" Tukajua atapona.

Ila ile mashine iliachwa pale shambani ikinguruma mpaka mafuta yakaisha. Muda wote ulipokuwa unaumia, masikio yako yalikuwa yanaisikia. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Tulidhani yamepita. Kisha siku moja Saidi akaja na pikipiki kukuletea miwa. Alipoingia uani ukatoweka. Tulikutafuta tukakukuta nyuma ya mtungi wa maji, umekunja magoti, meno yanagongana, umejikojolea. Nyuki hakuna. Salfa hakuna. Ni injini tu. Baadaye ikawa mashine ya kusaga. Ikawa jenereta ya lile banda la kuonyeshea mpira. Ikafika hata mtoto mwenzio akichezesha gari la makopo na kuunguruma kwa mdomo, wewe unakimbia.

Sasa sikiliza tulivyofanya, ucheke.

Mimi nilikuwa mama binti. Watu wageni walituona njiani wakadhani wewe ni mdogo wangu. Nilikupenda kwa pupa ya kitoto, kama mtu aliyepewa kitu cha kioo akaambiwa usivunje. Kazi yangu ikawa moja. Nikisikia injini kwa mbali, kabla hujaisikia wewe, nakuwahi nakuziba masikio kwa viganja vyangu. Nilikuwa hodari! Hata nikiwa nasonga ugali, naacha mwiko umesimama kwenye sufuria. Kusaga nilikwenda mwenyewe, wakati mabinti wa rika lako wote walikuwa wanatumwa mashineni. Na Saidi, ambaye kwa kabila letu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto, akaenda kijiweni kwa wenzake akawaambia, "Jamani, mpwa wangu anaumia. Mkipita kwa dada, zimeni."

Nao wakazima. Unaukumbuka mteremko wetu, kuanzia pale njia panda hadi kwenye daraja la magogo. Bodaboda wote wa Likunja walikuwa wakifika njia panda wanazima injini, wanateremka kimya kama baiskeli, wakivuka daraja ndipo wanapiga kiki. Hata wa kutoka Mbekenyera, waliokuwa wakipita mara moja moja, walifundishwa. Abiria wageni walikuwa wanashtuka, wanasema mafuta yamekwisha, wanashuka wasaidie kusukuma. Kuna kijana mmoja alikuwa ananisimamisha gulioni: "Dada, Mungu amweke mtoto wako. Tangu aanze kuogopa, mafuta yangu yanafika mbali."

Nilijiona mama wa maana sana. Kijiji kizima kinanyata kwa ajili ya mwanangu! Na wewe ulizidi kuogopa. Sikuelewa kwa nini. Tukikuongezea kimya, nawe unaongeza hofu, hadi jani kavu likiburuzwa na upepo unageuza shingo.

Aliyetuamsha ni bibi yako. Alikuwa anaanika mihogo kando ya njia, kainama. Bodaboda akateremka, hana sauti, kasi imemzidi. Bibi hakusikia kitu. Yule kijana akampita karibu mno, kanga ya bibi ikanasa kwenye usukani ikaenda nayo mpaka darajani. Kijana hakufa kwa ajali, ila nusura afe kwa aibu. Bibi akasimama katikati ya njia, kwanza akasema kwa Kimwera maneno ambayo sitayaweka kwenye karatasi, halafu akageukia Kiswahili ili na yule kijana aelewe:

"Mtoto mmoja anaogopa, nchi nzima inanyata! Hadija, mpeleke mwanao hospitali kabla hamjaniua mimi."

"Mama, hospitali watampa dawa gani? Haumwi."

"Kama haumwi, mbona mmezima pikipiki?"

Tukaenda Nachingwea.

Huko tulimkuta daktari dada. Yule ulimpenda kwa sababu ya viatu vyake vyekundu. Aliponiona na mtoto mkubwa akaniamkia "shikamoo mama", nami nikaitikia marahaba, halafu nikagundua amenizidi umri. Tulicheka wote wawili, na baada ya kicheko hicho sikumwogopa tena. Nilimweleza yote. Akakuangalia, akasema, "Huyu mtoto hana wazimu, wala si mwoga. Ubongo wake umefanya kazi yake vizuri kupita kiasi."

Nikamwambia anifafanulie pole pole, mimi ni wa darasa la saba. Akavuta kiti akakaa upande wetu wa meza.

Alisema kwenye ubongo kuna seli, vijidude hai vidogo visivyoonekana kwa macho, vingi kuliko nyasi za nchi hii. Jambo likikutokea, si zote zinazolishika. Ni kundi dogo tu, zile ambazo wakati ule zilikuwa macho zaidi kuliko wenzao. Siku ya nyuki, seli zilizopokea mngurumo na seli zilizopokea maumivu zilikuwa zinaamka pamoja, tena na tena, kwa sababu mashine haikuzimwa. Zikashikana. Ukilala usiku, ubongo unarudia kazi ya mchana na kukaza vile vishikio. Basi baada ya hapo, mngurumo ukiamsha chache kati yake, chache zinaamsha kundi zima, na kundi likiamka, moyo unapiga, jasho linatoka, miguu inataka kukimbia, kabla wewe mwenyewe hujajua unaogopa nini.

"Na sehemu inayopiga hiyo kengele ni ndogo," akasema, "imekaa ndani huku, usawa wa masikio, moja kila upande. Ina umbo kama la lozi."

"Lozi ndiyo nini?" nikauliza.

Akafikiri. Akatafuta cha kunionyesha, akaona mfuko wangu wa korosho za kukaanga nilizomletea zawadi. Akatoa moja, akaiweka kiganjani. "Basi chukulia hii. Imepinda kidogo tu kuliko lozi."

Wewe ukadakia, "Mama, kwa hiyo hofu yangu inakaa kwenye korosho?" Ukaichukua ile korosho mkononi mwa daktari ukaila. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akasema laiti ingekuwa rahisi hivyo, yeye angekosa kazi.

Nami hapo akili ikanifunguka. Nikamwambia, "Daktari, hii ni kama sisi wanawake wa kwetu tunavyolimiana kwa zamu. Siku ya kwanza wanakuja wale waliowahi kuamka. Wakishalima pamoja shamba moja wakala chungu kimoja, wameshajuana. Siku nyingine mmoja akipiga kigelegele tu, wote wanatoka na majembe, hawaulizi ni shamba la nani."

"Enhe," akasema, "na kama aliyepiga kigelegele ni mtoto anacheza?"

"Watatoka vilevile."

"Ndiyo pikipiki hiyo sasa," akasema. "Mtoto anacheza, nyuki hakuna, lakini majembe yametoka."

Nilimwuliza hayo wameyajuaje, na ubongo umefunikwa na fuvu. Akasema mengi wameyaona kwa panya. Panya anasikizishwa mlio, kisha anaguswa kwa umeme kidogo, na baada ya hapo akisikia mlio tu anaganda kama jiwe. Wataalamu wameweza kuona ni seli zipi zilizoamka, na kwamba wakizizuia hizo hizo, panya anakuwa kama amesahau. Kwa binadamu, alisema, bado wanaendelea kuchunguza, hawajui yote. Nikasema maskini panya. Wewe ukauliza kama kuna panya anayeogopa pikipiki, uwe rafiki yake.

Kisha akaniuliza swali ambalo sitalisahau. "Mama Somoe, pikipiki ikija wewe unafanya nini?"

Nikajibu kwa fahari, "Nawahi kumziba masikio."

Hakunicheka. Alichukua mikono yangu yote miwili, akaitazama, akasema taratibu, "Hii ni mikono mizuri. Lakini kila inapomfunika, zile seli zinasema, kumbe kweli kuna hatari, hata mama ameisikia. Na pikipiki ikipita, mtoto hajapata nafasi ya kuona kwamba haikumfanya kitu."

Basi Somoe, ndiyo hivyo. Si nyuki peke yao waliofundisha zile seli zako. Nyuki walifundisha asubuhi moja. Mimi nilifundisha misimu na misimu, kwa mapenzi, kwa viganja hivi, na kijiji kizima kikanisaidia kwa kuzima injini. Sikuambii kwa majuto. Nililia siku ile kwenye gari la kurudi, kisha nikakuangalia umelala mapajani, midomo ina chumvi ya korosho, nikaona kumbe kama nilikuwa mwalimu mzuri kiasi hicho, naweza kufundisha na jingine.

Kwa maana nilimwuliza daktari, "Tutazifutaje hizo seli?" Akasema, "Hatuzifuti. Tunaunda kundi jipya." Alisema ile hofu itabaki imekaa kwake, lakini tunaweza kulea kundi jingine la seli, linalojifunza kwamba mngurumo ni mngurumo tu, na hilo jipya, likipata nguvu, linamwambia la zamani: kaa chini, dada, leo hatulimi. Ila lazima lilelewe polepole, kwa furaha, bila kukulazimisha, na mlio usikike kweli. Kimya hakifundishi.

Tukaanza na pikipiki ya Saidi ikiwa imezimwa. Wewe ulikuwa unaisafisha tu. Baadaye ukaikalia. Baadaye Saidi akafungua plagi akakuwekea mkononi. "Mpwa wangu, shika. Bila hiki haiwezi kulia. Sasa anayeogopwa hapa ni nani, pikipiki au wewe?" Ukaishika plagi ile kutwa nzima, ukalala nayo. Nilikusikia unainong'onezea.

Halafu tukafika siku ya kuiwasha. Saidi alikwenda nayo ng'ambo ya shamba la ufuta, mbali, sauti inafika kama ya mbu. Sisi tulikaa uani na bibi, na sufuria la togwa. Mlio ulipokuja ukanirukia, ukatafuta viganja vyangu uvipeleke masikioni. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Mikono ilitaka kwenda yenyewe. Sikujua niiweke wapi, basi nikainyanyua juu, na ikishakuwa juu mtu afanye nini nayo? Nikacheza. Nilicheza kama mwehu pale uani, kwa mdundo wa pikipiki. Bibi akaona hawezi kuniacha na aibu peke yangu, akaingia. Wewe ukatukodolea macho, machozi yanakutoka, na katikati ya machozi ukaanza kucheka. Nakumbuka ulisema, "Bibi, unacheza vibaya." Bibi akajibu, "Mke mwenzangu, wivu utakuua. Njoo ucheze wewe tuone."

Ulikuja.

Kila siku Saidi alisogea kidogo. Akavuka ufuta, akafika kwenye mihogo, akafika njiani. Siku alipoingia uani na injini yake inanguruma, wewe ndiye uliyeizima kwa mkono wako. Kisha ukaiwasha tena. Ukazima, ukawasha, mpaka mjomba akalia, "Fundi, betri yangu!" Jina la Fundi likakubakia tangu hapo. Kabla hujamaliza la saba ulikuwa umeshafungua kabureta yake mara mbili na kuirudisha mara moja na nusu, na akawa anazunguka kijiweni anasema nati za pikipiki yake anazihesabu kama karanga, kila siku zinapungua. Kule mteremkoni nikawaambia vijana wasizime tena. Yule wa mafuta yanafika mbali alinuna wiki nzima.

Haya ndiyo unayoyajua na unayapenda. Sasa ninakuja kwenye ile siku ya soko la Ruangwa, ambayo hatujawahi kuizungumza vizuri, kwa sababu ulikuwa na haya nami nilikuwa na woga.

Ulikuwa umeshapona. Pikipiki unazichezea. Tukaenda Ruangwa kununua sare zako za sekondari, na tulipokuwa kwenye vibanda vya samaki wakavu, mtu mmoja nyuma yetu akavuta kamba ya jenereta. Nilipogeuka hukuwepo. Ulikuwa chini ya meza, magoti kifuani, uso umepauka, kama yule mtoto wa nyuma ya mtungi. Mama muuza samaki akainama akakutazama, akasema, "Binti, kama ni bei, si tungezungumza?" Mimi sikucheka siku hiyo. Nilikaa chini ya meza pamoja nawe, nikasema moyoni, kazi yote imekwenda na maji.

Nilimpigia yule daktari. Nilikuwa nalia kwenye simu. Akaniacha nimalize, akaniambia kitu ambacho nataka ukikunje ukiweke kwenye mfuko wa ovaroli.

Alisema: kundi la hofu halichagui mahali. Popote mlio ulipo, linaamka. Lakini kundi la utulivu linajifunza pamoja na mahali lilipofundishwa. Lile la Somoe limejifunza uani kwenu Likunja, kwa pikipiki ya mjomba, na togwa, na bibi akicheza. Ubongo una sehemu inayoshika mahali, nayo pale sokoni ilitazama huku na huku, haikuona uani, haikuona bibi, ikasema, huku sina habari nako. Basi la zamani likawahi. "Hajarudi nyuma," alisema. "Amefika mahali papya tu. Mfundisheni na hapo. Safari hii itakuwa haraka."

Na ikawa haraka. Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa yule mama wa samaki. Ulisimama kwanza mbali, kisha karibu, na kabla hatujaondoka ulimwambia mwenye jenereta kwamba oili yake imeoza. Akakutukana kwa upole, halafu akaifungua, akakuta ni kweli.

Somoe, Nachingwea ni mahali papya. Hapana mteremko wetu, hapana sufuria la togwa. Ile karakana ina milio ambayo korosho zako hazijawahi kuisikia. Huenda usishtuke hata kidogo, nami nitafurahi nikaoka mkate. Lakini ikiwa siku ya kwanza au ya nne au hata siku umeshazoea na umechoka, injini moja ikalia kwa namna yake na miguu yako ikataka kutafuta chini ya meza, usiseme nimerudi kuwa mtoto. Usiamini kwamba yote yalikuwa bure. Jiambie tu, wale dada wa zamani wametoka na majembe, wamesikia kigelegele. Waache wafike. Simama mlangoni kama ikibidi, lakini usiende mbali mpaka mlio usisikike. Kaa mahali unapousikia, mpaka wapya nao wafike. Watafika. Wanajua njia, ni vile tu mahali hawajapazoea. Na ukiona haya kumweleza mwalimu wako, mweleze hivyo hivyo kwa haya yako. Yule daktari naye namba yake ninayo, na kwenye simu yako jina lake nimeshaliingiza.

Sasa niseme na la kwangu, maana hamkuumwa na nyuki wewe na Saidi peke yenu. Mimi injini haijanitisha kamwe. Mimi ni harufu ya salfa. Kila mwaka mwezi wa sita upepo ukiniletea ile harufu, kabla sijafikiri kitu, shingo yangu inageuka kukutafuta. Kila mwaka nakukuta, uko hapo, na ninatulia. Mwaka huu nitageuka na hutakuwepo. Nimeliwaza hili siku nyingi nikiwa napepeta. Nimeona nami nina kundi langu la kulea, nalo nitalilea hapa hapa, mikorosho ikipuliziwa. Nitaivuta harufu, nitaangalia pale unapokaaga na spana zako, patakuwa patupu, nami nitasema: hayupo kwa sababu yuko mzima. Itanichukua siku kadhaa. Kwa hiyo ukiona nimekupigia simu asubuhi na mapema bila habari yoyote, nauliza tu kama umekula, pokea, ongea nami kidogo, halafu ukate urudi kazini. Bibi ameshasema akiniona nimeganda atanichezea.

Jua linazama. Pikipiki hapo uani imewaka, kwa hiyo plagi ilikuwa imekufa kweli, na mjomba wako anadai alikuwa anakupima. Naikunja karatasi hii niitie ndani ya ovaroli mpya, mfuko wa kifuani. Hutaiona mpaka uvae.

Kwa sababu utaisoma ukiwa umeshafika, naweza kukwambia na siri. Nimepita kijiweni leo, kwa vijana wote, na yule wa mafuta mimi mwenyewe nimembembeleza. Kesho alfajiri watapanga mstari pale njia panda. Saidi akikupakia kukupeleka kwenye gari, watashuka nyuma yenu mteremko mzima, hakuna wa kuzima, na honi juu. Nimeomba kelele zote walizotunyima miaka ile watulipe siku moja.

Basi utakuwa umeshayaona hayo, nawe unajua nilisimama wapi. Siku karakana ikikuzidi, usikumbuke maneno yangu, ni mengi mno na mchele haujachambuliwa. Kumbuka tu uligeuka pale darajani ukanitazama, injini zote zinanguruma, na mikono yangu yote miwili ilikuwa juu.

Mama yako,
Hadija